Jina Lake Kwenye Kioo Cheusi

Loisi alikuwa anapepeta uwele uani kwake Nkuhungu pale mdogo wake, Jenifa, alipotoka ndani ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi wa moto.

"Dada, weka ungo chini kwanza."

"Sema tu."

"Wameishusha ya Bibi."

Loisi hakuelewa mara moja. Aliendelea kupepeta kidogo, makapi yakipeperuka na upepo mkavu, kisha mikono yake ikasimama yenyewe. Jenifa akamgeuzia kioo. Pale ambapo kila siku uso wa Bibi ulikuwa ukitokea, umekunjamana kwa kicheko, kilemba kimelegea, palikuwa na weusi mtupu. Katikati ya weusi ule yaliandikwa maneno machache: video hii imeondolewa kufuatia dai la hakimiliki la Ebenezer Mazengo.

Lilikuwa jina ambalo ndani ya nyumba ile halikuwa limetamkwa tangu mavuno yaliyopita.

Chaneli yake ya video, "Jiko la Loisi", ilianza kama mchezo. Alikuwa akienda kijijini Mvumi kumrekodi bibi yake akipika mlenda, akisonga ugali wa uwele, akieleza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kigogo kwa nini karanga zisitwangwe zikiwa bado na moto. Watu wakampenda. Wagogo walioko Dar es Salaam, Mwanza, hata Omani, wakawa wanaandika chini ya video kwamba wamesikia harufu ya nyumbani. Mchezo ukawa kazi, na kazi ikamlisha yeye na kumsomesha Jenifa pale chuoni Chimwaga. Kisha Bibi akafariki, na haukupita muda mrefu simu iliyokuwa na nakala asili za video zote ikaibwa soko la Majengo. Sauti ya Bibi ikabaki mahali pamoja tu duniani, kwenye chaneli ile.

"Na lile onyo la juzi, la video ya mlenda mkavu?" Loisi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni la hawahawa. Lile liliandikwa jina la kampuni ya muziki, ndiyo maana tukadhani wamekosea. Kumbe wanadai ule wimbo unaouweka mwanzoni." Jenifa alikaa kwenye kigoda, akavuta pumzi. "Dada, nimesoma masharti yote. Hili ni onyo la pili. La tatu likija wanaifunga chaneli nzima. Hawaondoi video moja, wanaondoa zote. Na ule wimbo upo karibu kwenye kila video."

Loisi akaketi chini, palepale penye makapi.

Ule wimbo. Ebenezer aliutengeneza mwaka walipopendana. Alikuwa amefuatana naye Mvumi na zeze lake begani, akamkuta Bibi anatwanga, akasimama kusikiliza mchi ukigonga kinu, akaomba ruhusa kuurekodi. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. "Chukua," alisema, "ila ukimaliza umpe huyu mjukuu wangu." Ebenezer akaenda akaupanga mlio ule wa mchi, akaweka zeze juu yake, na siku alipomletea Loisi alimvalisha spika za masikioni kwa mikono yake mwenyewe. "Ni wako," alimwambia. "Kila utakapoanza kupika, jua nimekaa hapo pembeni nakutazama."

Halafu ikaja ile siku ya Mvumi, sebuleni kwa mama yake Ebenezer, mjane wa mchungaji. Mama yule alikuwa ameonyeshwa maneno machafu ambayo wanaume wasiomjua Loisi walikuwa wameyaandika chini ya video zake. Alisema wazi, mbele ya mashangazi, kwamba hawezi kupokea mkwe ambaye mwili wake unajadiliwa na dunia nzima. Loisi alimtazama Ebenezer. Ebenezer alitazama sakafu. Hakusema neno. Loisi akaaga kwa heshima, akatoka, na hakugeuka nyuma.

"Anakulipiza," Jenifa alisema sasa. "Ulimwacha, naye anakubomolea."

Loisi alitaka kukataa. Akainuka, akajikung'uta, akaingia ndani kubadilisha nguo.

* * *

Studio ya Ebenezer ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga kule Makole, madirisha yamezibwa kwa magodoro chakavu kuzuia kelele za barabarani. Loisi aligonga akiwa ameshapanga maneno yake yote njiani. Mlango ulipofunguka, maneno yakatawanyika.

Alikuwa amekonda. Hilo ndilo la kwanza Loisi aliloliona, na alijichukia kwa kuliona. Macho yalikuwa yaleyale, mapole, yenye kope ndefu kama za ndama, na yalipomwona yaliwaka, kisha yakaogopa.

"Loi."

"Usiniite hivyo. Nimekuja na swali moja tu. Bibi yangu alikukosea nini?"

"Bibi?"

"Mimi ungenifanya chochote. Ungenitukana barabarani, ningepita. Lakini yule alikupikia, Ebenezer. Alikutandikia mkeka wake mwenyewe. Leo watu wakimtafuta wanakuta kioo cheusi na jina lako."

"Sijui unachokisema. Naapa sijui. Ingia, tafadhali. Kaa unieleze."

"Sikai."

Alimpa simu. Ebenezer aliisoma akiwa amesimama mlangoni, jua la adhuhuri likimpiga shingoni. Loisi alikuwa akimtazama usoni kwa ukali, akitafuta uongo. Aliona rangi ikimtoka.

"Hii ni kampuni niliyosaini nayo," alisema taratibu. "Nimewapa albamu yangu. Nyimbo za zeze. Huo ndio wimbo unaoongoza." Akameza mate. "Waliniambia watalinda kazi yangu. Nilidhani wanamaanisha wezi, watu wanaochukua nyimbo za wenzao na kuziuza kwa majina yao. Nilishaibiwa hivyo, unakumbuka. Sikujua kama wataanza na wewe."

"Wameanza na mimi kwa jina lako."

"Ndiyo. Kwa jina langu."

Hakujitetea zaidi. Kama angejitetea, labda Loisi angeondoka. Badala yake alisogea pembeni ya mlango, na Loisi akajikuta ameingia na kukaa kwenye kiti kilekile alichokuwa akikalia zamani, chini ya zeze lililotundikwa ukutani. Chumba kilikuwa na harufu ya vumbi na mafuta ya nyuzi. Hakuna kilichobadilika. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Ebenezer alipiga simu, akaiweka mezani kwa sauti ya juu ili naye asikie. "Anaitwa Hasani," alimnong'oneza. "Ndiye msimamizi wangu kule Dar."

"Msanii wangu," sauti ya Hasani ilisikika, changamfu. "Nilikuwa nataka kukupigia. Redio wameupenda ule wimbo wa kinu."

"Hasani, mmeshusha video za Jiko la Loisi."

"Sisi hatukai kutazama moja moja, kaka. Kompyuta inautafuta wimbo, ikiupata kwa mtu asiye na kibali, tunatuma dai. Ndiyo kazi uliyotupa."

"Huyu ana kibali. Nilimpa wimbo huo kabla sijawajua ninyi."

Sauti ya Hasani ikapoa. "Tulipokuuliza kama kuna mtu mwingine mwenye haki, ulisema hakuna."

"Mliniuliza kama kuna mtu aliyeununua. Hakuna aliyeununua. Hamkuniuliza kama kuna niliyempa."

Hasani alicheka, lakini si kwa dharau. Alionekana mtu aliyechoka. "Nakuelewa. Ila elewa na mimi. Kampuni inataka nyimbo ambazo ni zetu peke yetu. Nikiwaambia wakubwa kwamba wimbo unaoongoza ulishatolewa kwa mtu mwingine, wataung'oa. Na wakiung'oa, albamu haipo. Hizo nyingine ni nzuri, lakini hazisimami zenyewe. Mwambie huyo dada aondoe muziki wako kwenye video zake, aweke mwingine. Mambo yaishe."

Loisi alikuwa tayari ameinama mbele. "Siwezi kuuondoa," alisema. "Kwenye ile ya Bibi ya uji upo chini ya sauti yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukiutoa, na yeye anatoka. Na video hiyo sina nyingine."

"Pole sana, dada," Hasani alisema, na alionekana kumaanisha. "Pole. Lakini ndivyo ilivyo."

Ebenezer alikuwa amefumba macho. Loisi alijua anachokiwaza. Alikuwepo miaka ile yote, Ebenezer alipokuwa akipiga zeze kwenye harusi za watu wasiomsikiliza, alipokuwa akirudi na nauli tu mfukoni na bado anaimba. Albamu ile Ebenezer alikuwa akiiombea kanisani kwa kuitaja.

"Basi waung'oe," Ebenezer alisema.

"Kaka, fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Andika leo kwamba dai limeondolewa, na lile la kwanza pia. Andika kwamba kibali nilikitoa mimi, kwa mdomo wangu, na mwenye mchi alikuwepo."

"Mwenye mchi?"

"Unaposikia kinu kwenye ule wimbo, yule ni bibi yake. Mkono wake mwenyewe. Mmemfukuza mtu kwa mlio wa mchi wake."

Hasani akasema, kwa sauti tofauti kabisa, "Nitaandika. Mtandao unaweza kuchukua siku kadhaa kuirudisha. Ila nitaandika leo." Akakata.

Loisi alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. "Ebenezer, mpigie tena. Usifanye hivyo kwa ajili yangu."

"Nimeshafanya."

"Ulisubiri jambo hilo maisha yako yote."

"Nilisubiri." Alimtazama, na safari hii hakutazama sakafu. "Lakini kuna siku nilitakiwa kusema neno moja, nikanyamaza. Tangu siku ile kila nikishika zeze nakisikia kile kimya. Sikuweza kunyamaza mara ya pili, Loi. Nisingeweza kuishi nacho."

Machozi yalimjia Loisi kabla hajayazuia. Aligeukia ukuta. Alisikia hatua zake zikimkaribia na kusimama, karibu kiasi cha kuhisi joto lake mgongoni, na hakumgusa. Alikuwa anangoja aruhusiwe. Heshima ile ndogo ilimlegeza Loisi kuliko kukumbatiwa.

"Asante," alisema kwa ukuta. "Asante sana."

"Mwanangu," sauti ya mwanamke ikasema.

Waligeuka wote. Mlangoni, penye pazia linalotenga studio na vyumba vya ndani, alikuwa amesimama mama yake Ebenezer, Mama Mchungaji, amejifunga kanga mbili, mwili umepungua nusu ya alivyokuwa. Ebenezer alikuwa amemleta mjini akae naye wakati wa kliniki.

Loisi alipiga goti bila kufikiri. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka, binti, sakafu ni baridi." Mama alishika ukingo wa mlango, akaingia taratibu, akakaa. Alikaa muda akihema. "Nilikuwa nimelala pale nyuma. Ukuta huu ni mwembamba, nimesikia yote. Mniwie radhi."

Ebenezer akamwekea mto mgongoni.

"Nilipotoka hospitali baada ya upasuaji," aliendelea, "tumbo lilikataa kila kitu. Chai lilikataa, wali lilikataa. Mpwa wangu akaniwekea kwenye simu bibi mmoja anayefundisha uji wa uwele. Sikujua ni bibi wa nani. Niliona tu mama wa kwetu, anaongea kama marehemu mama yangu, anasema mgonjwa usimpe mzito, mpe mwepesi, kaa naye mpaka amalize. Tukapika vilevile. Nikanywa, ukakaa. Kesho yake nikanywa tena. Kila asubuhi nilikuwa nasema, niwekee yule bibi kwanza, halafu ndiyo niletee uji." Alipangusa jicho kwa pembe ya kanga. "Leo asubuhi mtoto ananiambia, shangazi, hayupo. Nikatazama. Nikaliona jina la mwanangu katikati ya giza. Nimekaa nalo tangu asubuhi, naogopa kumwuliza. Niliogopa akiniambia ni kweli."

"Mama," Ebenezer alianza.

"Ngoja nimalize, nisije nikakosa nguvu." Akamgeukia Loisi. "Nilisoma matusi ya wanaume wale, nikakuhukumu wewe, wao nikawaacha. Ule uji ulikuwa kwenye jiko lako wewe. Wewe ndiye uliyeshika simu, ukamrekodi bibi yako mpaka akanifikia mimi kitandani. Nakushukuru, binti. Sikujua nimshukuru nani, na kumbe ni wewe."

Loisi alikwenda akakaa chini miguuni pake, kwenye mkeka, akaishika mikono ile mikavu. Alitaka kusema mengi. Alisema tu, "Angefurahi kujua, mama. Angejisifu kijiji kizima."

Mama akacheka kidogo, kicheko chembamba cha mtu anayejifunza tena kucheka.

* * *

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Loisi hakurekodi kitu, maana aliogopa onyo la tatu lisije likamkuta kabla barua ya Hasani haijafika. Ebenezer alimtumia ujumbe kila asubuhi, mfupi, bila maneno ya mapenzi: wamepokea, wanaangalia, tuvumilie. Loisi aliusoma kila mmoja zaidi ya mara moja, na Jenifa, aliyekuwa na ulimi mkali siku ile ya kwanza, alijifanya haoni.

Ikawa asubuhi ya Jumamosi. Loisi alikuwa anaosha vyombo alipomsikia Bibi akikohoa ndani. Ndivyo ilivyoanza video ile, kwa kikohozi, kisha lile swali lake: "Umeshawasha hicho kidude chako?" Akaacha maji yakimwagika, akakimbilia chumbani. Jenifa alikuwa amekaa kitandani, analia na kucheka, simu imeegemezwa kwenye mto. Bibi alikuwa anachekecha unga. Chini ya maneno yake zeze lilikuwa linalia taratibu, na mchi wake ukigonga.

Waliitazama mpaka mwisho. Watu walikuwa wameshaanza kuandika chini yake. Mama mmoja wa Kondoa aliandika kwamba alidhani amempoteza bibi huyu mara ya pili, na anamshukuru aliyemrudisha, hata awe nani.

"Nenda kamwambie," Jenifa alisema.

"Ameshajua. Ataona kwenye simu."

"Dada. Nenda kamwambie."

Loisi alikwenda. Ebenezer alikuwa uani, anakaza nyuzi za zeze, na alipomwona sura yake hakuhitaji kuambiwa. Aliliweka zeze chini polepole. Walisimama wakitazamana, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kuharibu kimya kile, kwa kuwa safari hii kilikuwa kimya kizuri.

"Na albamu?" Loisi aliuliza mwishowe.

"Hakuna albamu. Hasani anasema labda mwakani, nikiwa na nyingine." Alitabasamu. "Nyimbo bado ni zangu. Mikono bado ninayo. Na leo bibi yako amepika tena. Namshukuru Mungu, Loi, sikudanganyi. Nimeamka nikiwa mwepesi."

Alisogea, na safari hii Loisi ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. Ebenezer aliupokea kwa mikono yake miwili, akauinamia, akaubusu pale penye alama ndogo ya kuungua moto ambayo aliijua tangu zamani.

"Nataka kwenda Msalato kumwona baba yako," alisema. "Niende na wajomba, kwa utaratibu. Nitaongea mimi mwenyewe. Kama unaniruhusu."

Loisi alitazama uso ule uliokonda, kope zile, mdomo uliokuwa ukisubiri. Alijua jibu lake tangu mlangoni siku ile, lakini alitaka kulibeba kidogo peke yake kabla ya kumpa.

"Nakuruhusu," alisema.

Kutoka jikoni harufu ya mlenda na karanga ilikuwa imejaa ua mzima. Loisi alikunja mikono ya gauni lake, akaingia ili asaidie. Mama Mchungaji alikuwa amesimama jikoni kwa miguu yake mwenyewe, anakoroga, jasho likimtiririka.

"Nipe mwiko, mama, upumzike."

"Kaa pale."

"Mama, bado hujapona vizuri."

"Nimesema kaa. Wewe unalisha watu kila siku. Nani anakulisha?"

Loisi akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, kama mtoto. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimpikia. Akainamisha kichwa ili Mama asiyaone macho yake. Ndipo simu ya Mama ikaita juu ya kabati. Ilikuwa shangazi mmoja wa Mvumi, mmoja wa wale waliokuwepo sebuleni siku ile. Sauti yake nene ilisikika mpaka uani.

"Mbukwa, dada," Mama alisalimu kwa Kigogo, simu ameibana begani, mwiko bado unazunguka. "Naendelea vizuri. Nitakupigia baadaye, sasa hivi siwezi kuongea." Akasikiliza. "Hapana, si mgeni." Akamtupia Loisi jicho, akapunguza moto. "Nampikia mkwe wangu."